Vipande vya Mkaratusi Katika Meza ya Puli ya Magamba

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Lushoto
Tarehe: Jumatano, 17 Julai 2024
Muda wa kuanza: saa 2:40 asubuhi
Jina la shahidi: Ibrahimu Hoza Shechambo
Umri: miaka 71
Kazi: mwalimu mstaafu wa useremala, sasa mkulima wa kabichi na fundi wa samani
Dini: Mwislamu
Makazi: Magamba
Kuhusu: mtuhumiwa Rajabu Singano, anayedaiwa kubana mashimo ya meza ya puli ili ashinde mashindano
Mwandishi wa maelezo: Koplo Esta

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mbao ikishakauka imemaliza safari yake. Haijamaliza. Mbao huvuta unyevu wa hewani na kuutoa maisha yake yote, hata ikiwa imeshakuwa mlango wa miaka hamsini. Nilifundisha jambo hili chuoni kwa miaka thelathini na miwili, na mwezi huu nimelikosea mimi mwenyewe. Naanza nalo kwa sababu bila kulielewa utajaza kurasa nyingi na mwisho wake bado utamwona Rajabu ni mwizi.

Koplo ameniambia, "Mzee, tuanze na tarehe, mambo ya mbao yatafuata." Naanza na tarehe.

Mnamo tarehe 24 Juni 2024, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani kwangu Magamba nikinoa randa. Alikuja Rajabu Singano. Namfahamu vizuri. Ana miaka 29, nilimfundisha useremala chuoni, baadaye akaacha ufundi akalima kabichi. Jioni husimamia ukumbi wa puli wa mama mmoja anayeitwa Jenipher, hapo hapo Magamba, na yeye mwenyewe ni mchezaji. Wakati huo Jenipher alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake, na funguo za ukumbi alimwachia Rajabu.

Alisema, "Shikamoo Mwalimu."

Nikaitikia, "Marahaba. Kabichi zinaendeleaje?"

"Kabichi zinaendelea, Mwalimu. Wanunuzi ndio hawaendelei."

Kisha akanieleza shida yake. Fainali ya mashindano ya puli ingefanyika katika ukumbi huo Jumamosi ya tarehe 13 Julai, na wachezaji wa Mponde wangekuja. Alisema, "Wa Mponde wanatucheka. Wanasema meza ya Magamba hata ukipiga chafya mpira unaingia."

Nilikwenda kuiangalia meza siku hiyo hiyo. Wa Mponde hawakusema uongo. Mmiliki aliyekuwepo kabla ya Jenipher alikuwa amekata ncha za raba za ukingo wa meza kwenye mashimo manne ya pembeni, yaani ya kona, ili michezo iishe haraka. Mdomo wa shimo unatakiwa uwe na upana wa mpira mmoja na nusu. Mpira wa meza ile una milimita 57, kwa hiyo mdomo unatakiwa uwe kama milimita 86. Nilipopima nilikuta 97. Shimo la namna hiyo humdekeza mchezaji mbaya. Lakini ukilibana kupita kiasi nalo linatema hata mpira uliopigwa kwa haki, na huo ni ubaya mkubwa zaidi, kwa sababu anayeonewa ni mchezaji mzuri.

Nilikubali kufanya kazi hiyo. Sikudai malipo. Mwanafunzi wangu aliniomba, na nilikuwa sijaombwa kazi ya kupima kwa milimita tangu nistaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya ncha ya kila raba kuna kipande cha mbao kinachoishikilia. Vya zamani vilikuwa vimeoza. Nilipanga kuvitoa vyote vinane, viwili kwa kila shimo, na kuweka vipya vinene zaidi ili viisukume raba mbele mpaka mdomo urudi kwenye 86. Nilichagua mkaratusi kwa sababu ni mgumu na unashika skrubu. Ubao wenyewe ulikuwa stoo kwangu miaka miwili. Ulikuwa umekauka kwa kiasi cha hewa ya Magamba, na fundi mwenye akili angeishia hapo.

Mimi sikuishia hapo. Nilikata vipande tisa, vinane vya kazi na kimoja cha akiba, nikaviweka kwenye kichanja cha juu ya meko, mahali tunapokaushia mahindi ya mbegu. Vilikaa humo siku nane, moto ukiwaka chini yake asubuhi na jioni. Huku kwetu kila mzee atakuambia kwamba kitu kilichokauka juu ya meko kimekauka kweli, na kwa mahindi ni kweli. Mke wangu, Hadija, aliniuliza, "Baba Zaina, hizo mbao unazikausha au unazipika?"

Nilimjibu kwamba useremala si mapishi. Leo nasema mbele ya Koplo kwamba swali lake lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la kijinga. Mbao iliyokaushwa kupita hewa ya mahali itakapokaa ni mbao yenye kiu. Ukiitoa pale itatafuta maji, na ikiyapata itavimba.

Mnamo tarehe 3 Julai, Jumatano, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, nilivifunga vile vipande vinane katika meza. Tulikuwa wawili tu, mimi na Rajabu. Yeye alishika bisibisi na pima maji, mimi nikapiga randa na kupima. Kila kipande kilikuwa na unene wa milimita 31 kamili. Midomo yote minne ilikuwa 86. Vipimo hivyo nimeviandika katika daftari langu, na daftari nimemkabidhi Koplo. Nilipomaliza nilimwambia Rajabu, "Hivi havitavimba wala kutembea mpaka nizikwe." Alicheka, akasema, "Basi Mwalimu usife kabla ya fainali."

Kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 8 kulikuwa na jua na meza ilichezwa vizuri. Tarehe 9, Jumanne, ukungu ulishuka kutoka msituni na haukuondoka siku nane. Koplo anaijua Julai yetu. Ninachoomba kiandikwe ni jinsi ukumbi ulivyokaa. Meza imelala kwa urefu kati ya mlango na jiko la chai. Mashimo mawili ya pembeni yako upande wa mlango, ambao huachwa wazi kutwa, na ukungu huingia mpaka kitambaa kinakuwa kizito. Mashimo mengine mawili yako upande wa jiko, ambalo halizimwi, na huko ni pakavu. Mbao ni zile zile na fundi ni yule yule, lakini vipande vinne vilikunywa maji na vinne vilibaki na kiu yake.

Mnamo tarehe 13 Julai, Jumamosi, saa tatu asubuhi, Rajabu alikuja tena nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, mashimo ya mlangoni yanatema."

Nilimjibu, "Mashimo hayatemi. Mchezaji ndiye anayekosea."

"Nimejaribu toka saa moja, Mwalimu. Ya upande wa jiko yanapokea vizuri. Ya mlangoni yanarudisha. Njoo uone tu."

Nilimwambia kwamba hakuna mbao yangu iliyowahi kutembea. Akaniuliza kama awaambie kamati ya mashindano. Nilimwambia, "Usiwasumbue watu wazima kwa maneno ya kitoto. Kacheze." Haya ni maneno yangu mwenyewe na nataka yaandikwe kama nilivyoyasema. Rajabu aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka. Kutoka kwangu mpaka ukumbini ni mwendo wa dakika sita. Kalipa ya kupimia ilikuwa juu ya meza yangu. Sikwenda.

Fainali ilianza saa nane mchana. Walikuwepo watu kama mia moja. Mimi niliketi mstari wa mbele, kwenye kiti nilichowekewa na kamati. Rajabu alicheza na Davis, kijana mchuma chai kutoka Mponde. Tuzo ilikuwa mtamba wa ng'ombe wa maziwa, amefungwa nje pale pale, kila mtu anamwona. Davis anapiga vizuri kuliko Rajabu, nami nimeangalia puli miaka mingi. Lakini alipeleka mipira upande wa mlango, na mara tano nilihesabu mpira unaingia mdomoni, unatetemeka, unarudi. Rajabu alipeleka mipira yake yote upande wa jiko. Alishinda michezo mitatu kwa mmoja.

Watu si vipofu. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Mbona huyu anakwepa mlango kama ana deni huko?" Wakacheka, kisha hawakucheka tena. Mwenyekiti wa kamati, Benedikto, mzaliwa wa Rangwi, aliagiza bisibisi iletwe. Akafungua raba ya shimo la mlangoni kushoto, akatoa vipande viwili vipya vya mbao, akaviinua juu.

Akauliza, "Nani ameweka hivi?"

Nilikuwa mita mbili kutoka kwake. Rajabu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuomba. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analijua, akangoja. Nadhani alingoja muda wa kuhesabu mpaka kumi. Hakunitaja, kwa sababu kwetu kijana hamnyooshei kidole mzee mbele ya watu, tena mwalimu wake. Mimi nilitazama kitambaa cha meza.

Ndipo mtu akasema "Mwizi!" na wengine wakaliokota neno hilo. Walimpiga kwa ngumi na kwa fimbo za puli. Sikuona ni nani aliyempiga mkono wa kulia, ila nilisikia, na nikajua kwa sauti kwamba ni mfupa. Katika watu wote wale aliyesema "Mwacheni, turudie mchezo kwenye meza nyingine" alikuwa Davis, aliyeshindwa. Alisema mara mbili. Mgeni kutoka Mponde aliongea, na mimi niliyemfundisha yule kijana kushika msumeno nilikaa kwenye kiti changu cha heshima.

Rajabu alipelekwa hospitali jioni ile. Mtamba alirudishwa kwa kamati.

Mnamo tarehe 14 Julai, Jumapili, saa tano asubuhi, Benedikto alikuja kwangu na vile vipande viwili. Alinisalimu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wetu. Tusaidie. Hii ni kazi ya mtu wa namna gani?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, tena nzuri zaidi, kwa sababu tulikuwa wawili na hakuna aliyepiga kelele. Nilivichukua mkononi. Nilimweleza jinsi randa ilivyopita, jinsi pembe ilivyokatwa, na kwamba nyuzi za mbao zimefuatwa vizuri. Nilimweleza kwa dakika kumi. Kisha nikasema, "Ni kazi ya mtu aliyefundishwa randa."

Alisema, "Rajabu si alifundishwa na wewe?"

Nikasema, "Ndiyo, nilimfundisha."

Kila neno nililosema lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Alinishukuru, akanywa chai yangu, akaondoka. Nimeambiwa hapa kituoni kwamba maneno hayo yameandikwa katika malalamiko ya kamati kama maoni ya mtaalamu, na kwamba ndiyo yaliyofanya Rajabu akamatwe Jumatatu tarehe 15 alipotoka hospitali. Nayafuta maneno hayo. Kazi ile ni yangu.

Jumatatu watu walinisimamisha sokoni. "Shikamoo Mwalimu, hebu tueleze huyu kijana alitumia ujanja gani." Niliwaeleza. Napenda kueleza, huo ndio ugonjwa wangu. Niliwaeleza habari za milimita na habari za raba, na hakuna aliyeuliza mbao zilitoka kwa nani, nami sikusema.

Mnamo tarehe 16 Julai, Jumanne, saa kumi alasiri, Saumu, mke wa Rajabu, alikuja nyumbani akiwa na mtoto mgongoni.

Alisema, "Shikamoo tate." Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa.

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Alhamisi wanampeleka mahakamani. Nimemuuliza, hizo mbao si uliniambia Mwalimu ndiye aliyezitia? Amenijibu, 'Mwalimu ana mdomo wake.'" Alimvuta mtoto juu mgongoni, akaendelea, "Mimi sijaja kukulaumu, tate. Nimekuja kuuliza huo mdomo unafunguka lini."

Hadija alikuwa amesimama kando ya meko. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba mbao ni zangu, na siku tatu alikuwa haniulizi chochote, hata kama nitakula. Saumu alipoondoka, mke wangu alipanda kwenye kigoda, akatoa kipande cha tisa kichanjani, akakiweka mbele yangu pamoja na kalipa.

Nilikipima. Kilikuwa milimita 31 kamili, kama siku niliyokikata.

Nilikwenda ukumbini. Jenipher alikuwa amerudi na akanifungulia. Nilipima mdomo wa shimo la mlangoni kulia, ambalo Benedikto hakuligusa. Mimi niliyemwambia Rajabu kwamba mashimo hayatemi nilikuta 83 na nusu. Ncha za raba nazo zilikuwa zimesukumwa mpaka zimepinda ndani, kwa hiyo mpira ukigusa ncha moja unatupwa kwenye nyingine na kurudi mezani. Nilipima mashimo ya upande wa jiko: 86 na 86. Nakiri kwamba mpaka dakika ile sehemu ya moyo wangu ilikuwa inataka Rajabu awe ameharibu kitu baada yangu. Ningepata pa kujificha. Hakuharibu kitu. Skrubu zote za mashimo hayo matatu bado zina nta niliyozipaka mimi tarehe 3, na nta hiyo haijakwaruzwa.

Koplo ameniuliza kwa nini sikuja jana ile ile. Nilifika barabarani saa kumi na mbili nikarudi. Sina sababu nyingine zaidi ya aibu. Ameniuliza pia kama Rajabu alijua siri ya mashimo na kuitumia. Alijua kwamba mashimo yanatema, kwa sababu aliamka mapema na kufanya mazoezi. Alitaka kuwaambia kamati. Mimi ndiye niliyemkataza, na amezoea kunitii tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kama hilo ni kosa, mwenye kosa ni aliyetiiwa.

Sasa nieleze jambo moja la mwisho, kwa sababu ushahidi huu hautangoja. Vipande viwili alivyotoa Benedikto vilikaa ofisini kwake siku nzima karibu na jiko la mkaa kabla ya kuletwa hapa, na vimeshaanza kusinyaa. Koplo amevipima mbele yangu: kimoja 31 na robo, kingine 31 na moja ya kumi. Mtu akiviona kesho mahakamani atasema mzee anamtetea mwanafunzi wake. Kipande cha tisa nimekileta kikiwa kimefungwa kwenye nailoni ili kisivute unyevu. Vimebaki vipande viwili tu ambavyo bado vimevimba na vinaweza kusema, navyo viko kwenye shimo la mlangoni kulia. Leo asubuhi nimeshuka kutoka Magamba na jua. Ukungu umeondoka. Kila saa ya jua inayopita, vile vipande vinarudi taratibu kwenye kipimo nilichovikata, na vikifika huko Rajabu hatakuwa na shahidi isipokuwa mimi, mtu aliyenyamaza siku nne.

Siombi kusamehewa na sijaja kwa ajili hiyo. Mkono wa Rajabu umevunjika na msimu wa kupanda kabichi umefika. Hilo haliandikiki hapa likapona. Niliyoyajua nimeyasema yote, na nimesomewa nikayaona kuwa ni yangu.

Saini: I. H. Shechambo
Muda wa kumaliza: saa 4:25 asubuhi

Maelezo ya mwandishi: Mimi, Koplo Esta, nimeandika maelezo haya kwa lugha ya Kiswahili kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake. Nimemsomea, amesahihisha vipimo viwili na kusaini mbele yangu. Nimepokea daftari moja, kalipa moja na kipande kimoja cha mbao ndani ya nailoni. Nimekipima, ni milimita 31. Baada ya kusaini, shahidi ameomba mstari mmoja uongezwe kwa ajili ya mkuu wa kituo, nami nauandika kama alivyousema:

"Nendeni Magamba leo, kabla ya saa sita, mkafungue shimo la mlangoni kulia na kuvipima vipande vyake viwili mbele ya Benedikto."